Bi Nyundo, msafisha matofali ya mtaa uliomlea

Jua la asubuhi bado halijafika kwenye kifusi, lakini Bi Nyundo yuko kazini. Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa kimefungwa puani, tofali liko mapajani. Anagonga kwa kijishoka, ko, ko, kisha anaburuta makali taratibu. Chokaa ya kale inaachia kipande kizima na kuanguka miguuni pake. Analigeuza tofali upande wa pili kama mtu anayemwogesha mtoto, anagonga tena, analiweka kwenye rundo, na mkono mwingine umeshafuata jingine.

"Haya ya zamani yana adabu," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiyabembeleza yanaachia. Ya siku hizi yamejengewa saruji tupu. Utagonga mpaka machozi yakutoke, halafu linakukatikia mkononi."

Jina la Bi Nyundo alipewa na wenzake, ingawa nyundo hajaishika siku nyingi. Ilimtia ganzi kwenye kiwiko akahamia kijishoka, lakini jina likakataa kuhama. Ana miaka hamsini na minane. Kazi yake ni kusafisha matofali ya nyumba zinazobomolewa ili yauzwe tena. Analipwa kwa rundo, na rundo ni matofali mia. Alipoanza, alikuwa akimaliza marundo matano kabla jua halijazama. Sasa akifikisha matatu anasema amejitahidi, na mgongo wake una maoni tofauti.

Wanunuzi ni wenye migahawa na watu wanaojenga nyumba kubwa. Huyapanga ukutani bila lipu, taa ikayamulika kutoka chini, mgeni akiingia asifie.

"Tulipokuwa tunaishi ndani yake walikuwa wanatuonea huruma," anasema Bi Nyundo. "Sasa wanayapeleka sebuleni."

Hatanii anaposema "tulipokuwa tunaishi". Kifusi anachokalia ndicho kilichokuwa mtaa wake. Alizaliwa hapa, akaolewa hapa, akafunga virago kutoka hapa. Kila siku hupanda mabasi mawili kutoka pembezoni mwa jiji kuja kuuchambua mtaa uliomlea, tofali moja moja. Nyuma ya mgongo wake kumebaki safu moja tu ya nyumba iliyosimama, na ndani ya nyumba mojawapo yumo dada yake wa tumbo moja, aliyegoma kutoka.

Safu hiyo inaanza kubomolewa wiki hii, na zamu ya nyumba ya dada yake ni Jumatatu ijayo. Bi Nyundo ana wiki hii tu ya kumtoa dada yake kwa hiari, kabla hajaja mtu mwingine kumtoa kwa mabavu.

"Nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa ukali, nimejaribu kwa chakula," anasema. "Chakula anakula."

Mtaa wenyewe ulikuwa kota za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya barabara, pale ambapo leo pana jengo la kuegesha magari. Baba yao alikuwa kwenye mashine za kusokota nyuzi. Nyumba zilijengwa kwa safu, zimeshikana bega kwa bega, mlango wa mbele ukitazama barabara na wa nyuma ukitazama mtaro.

Mtaro huo ndio Bi Nyundo anaoukumbuka kabla ya kitu kingine chochote. Maji ya rangi yalitoka kiwandani na kupita nyuma ya jikoni zao, leo buluu, kesho mekundu, keshokutwa rangi ambayo haina jina.

"Sisi watoto tulikuwa wa kwanza kujua wanawake wa mjini watavaa nini mwaka huo," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka. "Mtaro ukipita kijani wiki nzima, tunawaambia mama zetu, kijani imeingia."

Walicheza humo mchana kutwa. Miguu yao ilishika rangi ambayo sabuni haikuiweza. Shuleni, mwalimu hakuwa na haja ya kuuliza nani anatoka kota. Aliangalia chini ya madawati, basi.

Maisha yote yaliendeshwa na king'ora cha kiwanda. Cha kwanza kiliwaamsha baba, cha pili kiliwaamsha watoto, cha mchana kiliinjika sufuria. Mtaani saa za ukutani zilikuwa chache na hakuna aliyezihitaji. Nguo zilizokosewa kuchapwa, ambazo dukani zisingepokelewa, waligawiwa wafanyakazi. Mwaka mmoja yalitoka maua yaliyochapwa kichwa chini, miguu juu, na safu nzima ikashona maua hayo. Mtoto mmoja akapotea sokoni. Mama yake alipoulizwa amevaa nini, akaangalia watu aliokuja nao, wote maua kichwa chini, akashindwa kujibu.

Na kuta. Bi Nyundo anapofika kwenye kuta huweka kijishoka chini.

Katika kota, ukuta ulikuwa mmoja kwa nyumba mbili. Upande wako ni wa kwenu, upande wa pili ni wa jirani, katikati tofali tu. Kila nyumba ilipaka chokaa ya rangi yake: kwa fundi cherehani kijani, kwa mpishi wa kiwanda manjano, kwao waridi, kwa sababu mama yao aliipenda waridi na hakusikia la mtu. Ukipiga chafya, anayekuombea heri yuko nyumba ya pili. Mume na mke wakigombana, hukumu ilitolewa na jirani, tena kwa sauti, bila yeyote kutoka kitandani. Mtoto wa fundi cherehani alikariri hesabu za kuzidisha kila jioni, na Bi Nyundo akazijua zote kabla hajafika darasa lake.

"Mpaka leo nikizidisha nasikia sauti ya yule mtoto," anasema. "Mwenyewe sasa ni babu. Pale kwenye saba mara nane alikuwa anakosea, na mimi nikakosea hapo hapo miaka yote."

Kiwanda kilipofungwa, king'ora kilinyamaza ghafla, na mtaa mzima ukaharibikiwa. Watoto walichelewa shule. Vyakula viliungua. Baba yao aliendelea kuamka gizani, akavaa sare, akafunga vifungo vyote, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda kwa sababu hakuna aliyemwambia aende. Alikuwa amebaki na kikohozi cha vumbi la pamba, nacho hakikumwacha mpaka kilipomchukua.

Baada ya hapo jiji lilikuja lenyewe, kidogo kidogo. Mtaro ulifunikwa zege. Barabara ilipanuliwa ikameza ngazi za mbele, wakawa wanatoka mlangoni kwa kuruka. Uwanja wa mpira ukawa kituo cha mafuta. Majengo ya vioo yakapanda upande linakochomoza jua, na nguo zilizozoea kukauka mchana zikawa zinakauka siku ya pili, zina harufu.

"Hakuna siku niliyoamka nikasema, leo jiji limebadilika," anasema Bi Nyundo. "Niliona nguo hazikauki. Ndivyo nilivyojua."

Kisha eneo lote likauzwa. Wamiliki wapya waliahidi fleti moja kwa kila nyumba, nje kabisa ya jiji. Haki ya kukaa nyumba ya waridi baba aliwaachia mabinti zake wawili. Dada mtu alikuwa mjane, watoto wake wapo nchi za mbali. Bi Nyundo alikuwa na mume mgonjwa wa kifua, akilala kwenye chumba ambacho ukuta wake wa nyuma ulitoa jasho mwaka mzima. Wakazi walikutana, wakaapa kwamba hakuna atakayehama peke yake. Ama wote, ama hakuna.

Bi Nyundo aliapa pamoja nao. Haukupita mwezi, akaenda kutia sahihi bila kumwambia mtu, akachukua funguo za fleti, akamhamisha mume wake. Wengine walipoona mmoja amehama, nao wakaanza kwenda kutia sahihi, mmoja mmoja, mpaka kota zikabaki na mtu mmoja.

"Fleti ina vyumba viwili," anasema. "Kimoja nimemtandikia yeye. Nabadilisha shuka kila mwezi, na hakuna aliyewahi kuzilalia."

Mchana, wenzake wanapotafuta kivuli, Bi Nyundo huchukua bakuli lake lenye kifuniko na kuvuka kifusi hadi kwenye safu iliyobaki. Anabisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa, kama mgeni.

Anayefungua ni mwanamke mwembamba aliyenyooka, kichwa kimefungwa kitambaa safi, mkubwa kwa mdogo wake kwa miaka saba. Enzi za kiwanda watoto walimpa jina la Meneja, kwa sababu alipanga nani acheze na nani akae pembeni. Jina halikumtoka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jipanguse huko huko nje. Hilo vumbi la begani ni la safu ya pili, naliona kwa ubuluu. Usiniingizie nyumba za watu ndani."

Ndani kumefagiliwa. Sakafu nyekundu inang'aa. Umeme ulikatwa na maji pia, na Meneja huchota kwenye kituo cha mafuta, ambako vijana humjazia ndoo na yeye huwaeleza kuwa wamesimama golini.

Wanakula, kisha Meneja anaanza.

"Unakumbuka ule mwaka mtaro ulipita zambarau? Mwezi mzima. Tulikuwa kama tumevaa soksi."

"Nakumbuka zile soksi zilivyowasha. Ulikuwa unanikuna kwa gunzi."

"Hazikuwasha."

"Dada, mimi nina kovu."

"Hilo kovu ni la baiskeli."

Bi Nyundo anaangalia kovu kwenye kifundo cha mguu, anaamua kuliacha.

"Safu nzima tulikuwa tunakula pamoja," Meneja anaendelea. "Siku hizi nani anakula na jirani?"

"Tulikula pamoja mwisho wa mwezi, kwa sababu hakuna nyumba iliyokuwa na cha kujaza sufuria."

"Si ndivyo ninavyosema. Pamoja."

Bi Nyundo anafunika bakuli. Anasema, taratibu, kwamba kule kwenye fleti chumba chake kina dirisha kubwa. Meneja anainuka, anakusanya vyombo na kuanza kuviosha, kimoja baada ya kingine, kwa maji yale machache, mpaka muda wa mapumziko unakwisha.

"Ndivyo tulivyo," Bi Nyundo anamwambia mwandishi wa makala haya wakirudi kwenye kifusi. "Ya zamani tunazungumza. Nikitaja fleti anaosha vyombo. Watu wanapenda kuniuliza, Bi Nyundo, unakumbuka hili, unakumbuka lile. Nimechoka kukumbuka. Mimi mtaa huu naushika kwa mikono kutwa nzima."

Meneja, alipoulizwa mlangoni kwake, alijibu kwa utulivu. "Yeye alitia sahihi. Mimi sikuulizwa. Mtu ambaye hakuulizwa hana cha kujibu."

Jumatano ya wiki hiyo, katapila lilianza kung'oa nyumba za safu ya mwisho kutokea pembeni. Msimamizi, kijana mwenye heshima zake, alikuwa amemwahidi Bi Nyundo kwamba nyumba ya dada yake haitaguswa kabla ya Jumatatu. Alipiga alama nyekundu kwenye milango ya kubomolewa siku hiyo, ya mpishi na ya fundi cherehani, na mlango wa nyumba ya waridi akauacha safi. Akamwonyesha dereva kwa kidole. Dereva akaitikia.

Dereva alikuwa mgeni, amekulia kwenye nyumba ambazo kila moja ina kuta zake nne. Aliona alama, akaona ukuta wa mwisho wa nyumba ya fundi cherehani, akajua ni wa fundi cherehani. Msimamizi naye alijua hivyo. Haikumpitia mtu akilini kwamba nyuma ya ukuta ule hapakuwa na ukuta mwingine.

Bi Nyundo alikuwa upande wa pili wa kifusi, pamba masikioni, mgongo kwenye kelele. Toroli lilimletea matofali yasiyosafishwa ya nyumba iliyong'olewa muda huo huo. Aliokota moja, akalipiga mara moja, akalizungusha. Upande mmoja lilikuwa na chokaa ya kijani. Upande wa pili lilikuwa na waridi.

"Sikuelewa upesi," anasema. "Mkono ulikuwa unataka kupiga tena. Kisha nikasikia kumekuwa kimya. Katapila limezimwa."

Aliinuka. Magoti yake hayapendi kukimbizwa, lakini siku hiyo hayakuulizwa.

Kijiko cha katapila kilikuwa kimeuvuta ukuta kwa nje, kwa bahati njema, badala ya kuusukuma ndani. Chumba cha Meneja kilikuwa wazi upande mzima. Picha ya baba ilikuwa ukutani, ndoo ya maji ilikuwa pembeni, na juu ya kitanda, mbele ya kundi la vibarua, aliketi Meneja bila kitambaa, anachana nywele zake nyeupe. Vumbi lilikuwa limemtua mabegani. Hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kuziona zile nywele. Vibarua waliinamisha macho, mmoja akavua kofia.

Meneja alimalizia upande aliokuwa ameuanza. Aliweka kitana chini.

"Mkimaliza kutazama," alisema, "mniletee ukuta wangu."

Msimamizi alipiga hatua mbele, mikono kifuani. "Mama, samahani sana. Tulidhani ukuta wako uko nyuma yake."

"Nyuma yake niko mimi."

Bi Nyundo anakiri kwamba hasira zake za kwanza zilimwendea dereva, za pili msimamizi, na zilizobaki zikarudi kwake mwenyewe. "Nilidhani wanajua. Hata siku moja sikufikiria kuna mtu mzima asiyejua. Kota nzima hakuna mtoto ambaye angeng'oa ukuta ule akidhani ni wa mtu mmoja. Sikuwaambia kwa sababu sikujua kama ni kitu cha kuambiwa."

Msimamizi alileta turubai. Meneja alilitazama turubai lile, akamtazama msimamizi, na kijana akalikunja mwenyewe. Bi Nyundo hakungoja maneno mengine. Alienda kwenye marundo yake, yale ambayo alikuwa ameyasafisha tangu Jumatatu na hayajahesabiwa bado, akaanza kubeba, pamoja na yale ya ukuta wenyewe yaliyoletwa na toroli. Hakuna aliyeamriwa kumsaidia. Dereva ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika toroli.

Walikoroga udongo na maji. Bi Nyundo alijenga akiwa nje, dada yake amesimama ndani, amejifunga kitambaa chake, mikono nyuma, akisimamia.

"Hilo umeligeuza," alisema Meneja. "Waridi inakuja ndani."

Bi Nyundo akaligeuza. Alijenga mstari wa kwanza, wa pili. Vibarua waliweka matofali karibu yake na kusogea mbali, kwa adabu ya watu wanaojua kuna mazungumzo yanakuja.

"Ulitia sahihi kwa mkono huo huo," alisema Meneja.

"Kwa mkono huu huu."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa. Na yeye alikuwa hapumui, dada. Ulikuwa unamsikia."

Meneja alipangusa udongo uliochuruzika ndani mpaka mstari mwingine ukaisha.

"Nilikuwa namsikia," alisema. "Kila usiku. Akivuta pumzi na mimi navuta. Akikawia nakaa nimeinua kichwa. Mlivyohama nikakosa usingizi kwa ule ukimya. Nikasema, wamemchukua wakampeleka akafie mbali, na mimi hata kumsikia siwezi."

Bi Nyundo alikuwa ameshika tofali. Hakuliweka.

"Alilala vizuri kule," alisema.

"Nani?"

"Shemeji yako. Chumba ni kikavu. Alilala mwaka mzima na zaidi, dada, usingizi wa mtu mzima, mpaka anakoroma. Akawa anashuka ngazi kununua gazeti. Ugonjwa ulirudi baadaye ukamchukua, lakini mwaka ule alikuwa mtu."

"Mwaka mzima?"

"Na zaidi."

"Hukuniambia."

"Nikitaja fleti unaosha vyombo."

Meneja aligeuka, akatazama picha ya baba yao, akarudi. Hakulia. Mdomo ulimcheza kidogo, akaushika kwa vidole. Bi Nyundo anasema alitaka kuruka ule ukuta na kumkumbatia, lakini mikono ilikuwa imejaa udongo, na anamjua dada yake na udongo. Akaendelea kujenga. Ukuta ulifika kiunoni, ukafika kifuani, ukakaribia kidevuni.

"Acha hapo," alisema Meneja.

"Mvua je?"

"Ukipanda tena sitakuona." Aliuweka mkono juu ya tofali la mwisho, akalipima kama limekaa sawa. "Jumamosi njoo na mkokoteni. Mdogo. Sina vitu."

Uwazi uliobaki, vibarua waliufunika kwa turubai lile lile, na safari hii hakuna aliyelikataa.

Vitu vilikuwa vingi. Jumamosi mkokoteni ulikwenda mara mbili hadi kwenye gari la kukodi, na mara ya pili msukuma mkokoteni aliuliza kama huyo mama anahamia nchi nyingine. Meneja alitoka wa mwisho. Alitia ufunguo mlangoni, akakumbuka ukuta wa chumbani umefika kidevuni tu na kwamba mtu yeyote mwenye miguu anaweza kuingia, akaufunga hata hivyo. Hakugeuka nyuma. Bi Nyundo ndiye aliyegeuka, na anasema alijuta.

Mwandishi aliwakuta Jumapili kwenye fleti yao, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Meneja alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, anatafuta kosa. Alikuwa amepata mengi. Dirisha linafungwa kinyume. Mlango wa bafu unamtazama mtu vibaya. Mashuka yana harufu ya kabati.

"Na hawa wa pembeni," alisema, akigonga ukuta wa saruji kwa kifundo cha kidole, "wapo au wamekufa?"

"Wapo. Ni watu wazuri. Wana watoto."

"Mbona siwasikii?"

"Ndivyo ilivyo huku."

Meneja aliusikiliza ukuta kwa muda. "Kesho nitaenda kuwabishia hodi," alisema. "Wanijue."

Bi Nyundo alikuwa amelala kwenye kochi, miguu juu ya mto, viganja vimefunguka. Ngozi ya viganja imepasuka kwa chokaa na haishiki mafuta. Alipoulizwa anatarajia nini baada ya hapa, hakuwa na mipango mirefu. Kota zikiisha, alisema, kuna majengo mengine ya zamani upande wa stesheni yatavunjwa, lakini hajui kama mgongo utafika huko. Angependa wabadilishane na mtu wa ghorofa ya chini, kwa ajili ya magoti yao wote wawili. Angependa kuanzisha kibanda kidogo cha kuuza sabuni na viberiti pale chini ya ngazi.

"Kabla ya yote nataka kulala," alisema. "Nilale mpaka niamke mwenyewe. Si kwa king'ora, si kwa basi, si kwa kufikiria mtu yuko peke yake kwenye kifusi."

Kesho yake ilikuwa Jumatatu, siku ya nyumba ya waridi. Bi Nyundo alikuwa ameshamwomba msimamizi ruhusa ya siku moja. Kijana alimkubalia bila kuuliza sababu, akamwambia apumzike, wako vijana wengine wa kusafisha.

Meneja alisikia hayo kutoka kwenye kiti chake. Alimgeukia mdogo wake.

"Vijana gani?"

"Wapya. Wameletwa wiki hii."

"Wale niliowaona wanapiga tofali kama wanaua nyoka?"

"Hao hao. Watajifunza."

"Watajifunzia kwetu?"

Meneja aliinuka, akaenda jikoni, na mdogo wake akafumba macho akingoja mlio wa vyombo. Haukuja. Meneja alirudi na lile bakuli lenye kifuniko, limeoshwa na kukauka, akaliweka juu ya meza mbele yake.

"Kesho nenda wewe," alisema. "Wale wanavunja."